Pancha Saa Zote

Mume wangu ni fundi wa pancha. Nasema mapema ili mjue ninayemsema ni nani, na kwa nini usiku ule nusura nimfungie kwenye buti la gari nirudi nyumbani kwa miguu.

Watu wanamwita Fundi Upepo. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye cheti, cheti kiko kabatini, na kabati halijafunguliwa tangu ufunguo upotee. Banda lake liko kwenye kona ya barabara ya kutokea mjini: mabati manne juu ya nguzo, mashine ya kujazia upepo inayokohoa kama mgonjwa wa pumu, beseni la maji meusi ambalo hata nzi hatui, na benchi la wateja lenye mguu mmoja mfupi. Mgeni akikaa upande usio wake, benchi linamtupa. Wenyeji tunajua pa kukaa.

Kazi anaijua. Hilo nitalisema hata nikiwa nimekasirika, na nimekasirika mara nyingi. Gari likipita yeye ameinamia kazi nyingine, hata kichwa hainui, anakwambia, "Huyo hafiki sokoni. La nyuma kulia linavuja kwenye vali." Na kweli hafiki. Baada ya robo saa unamwona anarudi akisukuma.

Mimi alinipata kwa baiskeli. Nilikuwa nimetumwa nikazibishe tairi la baiskeli ya kaka yangu. Pancha ya dakika kumi aliiziba kwa saa tatu. Alitoa tyubu akaitia majini, akaitoa, akaniuliza nakaa wapi, akaitia tena. Akaitoa, akaniuliza kama nimeshaposwa, akaitia tena.

"Fundi," nikamwambia, "hii tyubu inazibwa au inabatizwa?"

Akacheka, nikaona ana meno mazuri. Ndiyo hivyo. Leo tuna watoto wanne.

Ila ana kasoro mbili. Ya kwanza, mikono yake ni ya watu wa nje. Kinyozi hajinyoi, na mganga hajigangi. Nyumbani kwetu kitoroli cha kuchotea maji hakina upepo tangu mtoto wetu wa tatu alipokuwa ananyonya, na sasa mtoto huyo ana ndevu. Nikisema, ananijibu, "Kesho." Kesho yake haina tarehe.

Kasoro ya pili inaitwa Fundi Miwani. Huyu naye anaziba pancha, ng'ambo ya barabara, banda linatazamana na la mume wangu. Ni mtu mwembamba, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa kipande cha tyubu nyuma ya kisogo. Zamani walikuwa wanaazimana nyundo. Kisha ikatokea wiki moja Miwani akapata wateja wengi mno, wote matairi yao yamechomwa na misumari, na mume wangu akatangaza mbele ya benchi zima kwamba ipo mikono inayomwaga misumari barabarani usiku. Hakutaja mtu, lakini alikuwa anatazama ng'ambo. Miwani akasikia. Tangu siku hiyo, miaka sita, hawasalimiani. Wanatazamana kutwa nzima kama picha mbili ukutani.

Sasa nije kwenye vifaranga wangu.

Nilitaka kufuga kuku miaka mitatu. Banda nililijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, mbao kwa mbao, mume wangu akipita anasema, "Safi sana, mama," na kuendelea na safari yake. Kwenye kituo cha kutotolea vifaranga niliandikishwa kwenye orodha, nikasubiri miezi miwili. Nikipoteza zamu yangu, ni miezi miwili mingine. Hatimaye wakapiga simu: njoo Alhamisi, saa tisa alasiri, vifaranga mia mbili.

Kufika huko kwa gari ni saa moja na nusu. Gari tunalo, dogo, la zamani, mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu. Nikamwambia mume wangu tuondoke saa saba mchana. Saa saba akasema, "Naziba hii moja tu." Akaziba nne. Tuliondoka saa kumi na moja jioni, mimi nimevimba mashavu.

Msimamizi wa kituo alikuwa ameshafunga mlango. Nilimbembeleza mpaka akafungua. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kengele, akanikabidhi maboksi mawili yenye matundu pembeni, mia kila moja, yanalia pii-pii-pii kama mvua ya filimbi.

"Dada, nisikilize," akasema. "Hawa ni wa siku moja, hawana mama. Joto ndiyo mama yao. Wakipigwa baridi saa mbili tatu, utazika maboksi. Ukifika, moja kwa moja kwenye jiko."

"Jiko linawaka tayari," nikasema. Binti yetu mkubwa nilimwacha kwenye banda la kuku, anachochea mkaa, amefunga madirisha kwa magunia.

Tukaondoka. Giza limeshaingia, maboksi yako kiti cha nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikatabasamu. Tulikwenda saa nzima hivi. Tulikuwa katikati ya pori, hakuna nyumba, hakuna taa, ndipo nikasikia chini yetu: puuu! Halafu: lapu, lapu, lapu.

Mume wangu akasogeza gari pembeni, akazima injini. Hakushuka. Alifumba macho akasikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Nyuma kushoto," akasema. "Msumari. Inchi mbili na nusu. Umeingia umelala."

"Na jina la aliyeudondosha?"

"Tunamjua."

"Huku porini? Amekuja kwa mabawa?"

 Akashuka kwa dirisha, maana mlango ndiyo huo, akajinyoosha kama daktari bingwa. "Dakika saba, mke wangu. Anza kuhesabu. Ukifika mia nne na ishirini, tunaondoka."

Nikaanza kuhesabu. Nilifika mia moja na sita nikasikia kimya. Si kimya cha mtu anayefanya kazi, ni kimya cha mtu aliyefungua buti na kuona kitu. Nikashuka. Nikamkuta amesimama, tochi ya simu mkononi. Pale panapokaa spea palikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi iliyokauka.

"Baba watoto," nikasema, "spea iko wapi?"

"Spea ipo."

"Ipo wapi?"

"Kazini."

"Kazini inafanya nini?"

Akakohoa. "Inatangaza biashara."

Hapo nikakumbuka. Wiki mbili kabla, mtu aliiba bango la banda lake, ambalo lilikuwa tairi kipara lililoning'inia kwenye nguzo. Mwizi wa tairi kipara, sijui alitaka kulipikia nini. Siku ya pili nikapita nampelekea chakula cha mchana, nikaona bango jipya: gurudumu zima na rimu yake, limepakwa rangi nyeupe pee, limefungwa mnyororo na kufuli, na maandishi mekundu yamelizunguka: PANCHA SAA ZOTE. Na mimi, kwa kinywa changu hiki, nilisema, "Safi, linaonekana mbali." Wiki mbili nzima nimepita chini ya spea yangu mwenyewe nikiisifia.

"Ilikuwa ya siku mbili tu," akasema.

"Jeki?"

"Nilimwazima dereva mmoja wa lori."

"Lini?"

"Mwaka jana. Mwishoni mwishoni."

Nilitaka kusema maneno, lakini upepo wa baridi ukapita, na kule ndani maboksi yakalia kwa pamoja. Nikayameza. Nikafikiri kwanza. Kitu gani hapa kina joto? Injini.

"Washa gari," nikamwambia. "Liache lingurume."

Nikatoa maboksi, nikayapanga juu ya boneti, nikatandika koti lake chini ili wasiungue, nikafunika kwa khanga zangu mbili, nikabaki na gauni. Baada ya muda kidogo, makelele yakawa ya kuridhika. Nikamwambia mume wangu atazame mshale wa mafuta.

"Upo," akasema.

"Upo kama spea, au upo kweli?"

"Unaelekea chini."

"Basi simamisha gari lolote linalopita."

Hapo ndipo niliposhuhudia jambo ambalo sijamsimulia mama mkwe wangu mpaka leo. Taa zikatokea mbali. Mume wangu, badala ya kupunga mkono, akazunguka nyuma ya gari akachutama.

"Unafanya nini?"

"Huenda ni mteja," akanong'ona. "Fundi wa pancha aonekane na pancha? Kesho nitafunga banda."

Nikapunga mimi. Gari likasimama, la mizigo midogo, dereva akatoa kichwa. Taa zake zikammulika mume wangu pale alipochutama, makalio juu kama bata anayetafuta konokono.

"Aaa! Fundi Upepo!" dereva akapiga kelele. "Mpaka huku? Kumbe ile 'saa zote' si porojo!"

Mume wangu akainuka taratibu, akajipangusa mikono isiyo na kitu. Na akasema, jamani, nilisikia kwa masikio yangu, "Ndiyo, ndugu yangu. Kuna mama hapa kapata pancha."

Mama mwenyewe nilikuwa mimi.

"Mama," dereva akaniambia, "umepata bahati. Uko kwenye mikono ya bingwa. Fundi, unahitaji kitu?"

"Hapana, hapana. Namalizia."

Nikafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, gari lilikuwa limeshaondoka, taa nyekundu zinapungua kama macho ya panya anayekimbia.

"Unamalizia nini?" nikamuuliza. "Nambie, bingwa. Unamalizia nini? Ndoa?"

"Mke wangu, yule mtu anajulikana mji mzima. Angesema."

"Asiseme nini? Kwamba wewe ni binadamu? Mimi miaka yote hii nakufulia mashati ya grisi, leo nimekuwa 'kuna mama hapa'? Na mahari ulimtolea nani, mteja?"

Niliendelea hivyo kwa muda. Sitayaandika yote, mengine watoto watasoma. Yeye alisimama akichezea spana ambayo haikuwa na nati ya kufungua. Halafu injini ikakohoa mara moja, ikakohoa mara ya pili, ikanyamaza. Mafuta yameisha.

Nikaweka mkono juu ya boneti. Joto lilikuwepo, lakini ni joto la kikombe ambacho chai yake imeshanywewa. Tulikaa hivyo, na polepole nikagundua kwamba makelele ya maboksi yanapungua. Nikafunua khanga, nikaingiza mkono. Wamejisukumia kona moja, wamepandana. Nikamchukua mmoja wa pembeni. Alikuwa wa baridi, miguu imenyooka, mdomo anaufungua bila sauti. Nikamtia kifuani ndani ya gauni, nikamfunika kwa viganja.

Sikusema kitu tena. Matusi yote yaliniisha. Nilisimama tu namsikiliza yule kifaranga kama bado anapumua.

Na hapo, nilipokuwa kimya, ndipo mume wangu alipoogopa. Kelele zangu amezizoea kama kelele za ile mashine yake. Ikinyamaza ndipo anajua imeharibika. Akasogea akasimama mbele yangu.

"Yu hai?"

"Kidogo."

Akatazama maboksi. Akatazama barabara, kulia, kushoto, hakuna taa. Akatoa simu mfukoni, akaishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nikachungulia. Alikuwa amefungua majina, na kidole kimesimama juu ya jina moja: USIPOKEE.

"Huyo ni nani?"

"Miwani," akasema.

Akabonyeza. Iliita mara mbili tu.

"Nani mwenzangu?" sauti ya Miwani ikauliza. Ukimya wa porini uliifanya isikike kama yuko ndani ya gari.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Wa ng'ambo."

 Nikasikia huko upande wa pili kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimepata..." Akasimama. Nikamtazama. Akageuka akalipa pori uso na mimi mgongo. "Nimepata pancha."

"Umepata nini? Rudia, mtandao mbovu."

Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi nilijua, na mume wangu alijua.

"PANCHA!" akapiga kelele, mpaka ndege wakaruka mtini. "Nimepata pancha, sina spea, sina jeki, mafuta yameisha, na vifaranga wa mke wangu wanakufa!"

Miwani hakucheka. Nitamheshimu kwa hilo mpaka naingia kaburini. Akauliza mko wapi, akauliza vifaranga wana umri gani, akauliza tairi la ukubwa gani, kisha akasema, "Magurudumu yangu yote hapa ni ya nati tano. Gari lako ni la nati nne. Spea yako iko wapi?"

Mume wangu akanitazama. Nikainua nyusi.

"Ipo... unaiona kila siku," akasema.

"Naiona wapi?"

"Juu ya nguzo."

Hapo ndipo simu ilipocheka. Ilicheka, ikakohoa, ikacheka tena, nikamsikia mke wa Miwani kwa mbali akiuliza, "Una nini wewe?" Mume wangu akaivumilia simu sikioni, macho ameyafumba, mpaka ikamaliza.

"Nakuja," Miwani akasema.

Tulimngoja robo tatu ya saa. Mume wangu alivua shati na fulana, akaniambia niyafunike maboksi kwa nguo hizo, kisha akafungua mlango wa nyuma, akalala kitini, akayakumbatia yote mawili kifuani, kifua wazi, ananguruma kwa baridi kama ile injini. Kila mara anauliza, "Wa kwako anapumua?" Nami najibu, "Anapumua." 

Miwani alikuja kwa pikipiki. Nyuma yake, limefungwa kwa mipira kama abiria mwenye heshima zake, lilikaa lile gurudumu jeupe. Kifuani amening'iniza jeki, na mbele ameweka dumu la petroli.

"Shemeji, pole," akaniambia mimi kwanza. Akanipa chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa taulo. "Mke wangu kasema uwawekee katikati, usiwagusishe moja kwa moja."

Nikaingiza chupa kwenye maboksi mbiombio. Miwani akamgeukia mume wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka garini kifua wazi, manyoya ya njano yamemganda tumboni.

"Mnyororo wako nimeukata kwa msumeno," Miwani akasema. "Kesho usije ukasema mbele ya benchi zima kwamba umeibiwa."

"Sisemi."

"Halikuwa na upepo. Nimelijaza mimi."

Hilo lilimchoma kuliko yote, nilimwona.  "Ahsante."

Wakachutama pamoja. Sijawahi kuona gurudumu likifunguliwa kwa kasi ile. Hakuna aliyemwambia mwenzake lete hiki shika kile. Mkono mmoja ukinyooshwa, spana ishafika. Matundu ya nati yalikuwa yamejaa rangi, wakayakwangua kwa bisibisi, huyu mawili, huyu mawili. Kisha Miwani akalivuta lile bovu kwenye mwanga wa pikipiki, akashusha miwani yake puani, akang'oa msumari kwa koleo. Akauinua.

"Inchi mbili na nusu," akasema. "Umeingia umelala."

"Nilisema," mume wangu akanong'ona.

Miwani akamwekea kiganjani. "Na huu nao nimeumwaga mimi?"

Mume wangu akaugeuzageuza ule msumari kiganjani. Mimi nikawa nimeshaingia garini, maboksi mapajani, nasubiri, na wallahi kama angejibu ujinga ningeendesha mimi.

"Hapana," akasema. "Huu umekuja wenyewe."

"Na ile ya miaka sita?"

"Na ile." Akakuna kichwa. "Ilikuwa... wateja wako walikuwa wengi mno ile wiki."

"Ungeniuliza. Kulikuwa na watu wanapaua nyumba nyuma ya banda langu."

"Jamani!" nikapiga kelele dirishani. "Kesi mtaimaliza kesho, na benchi liwe shahidi. Vifaranga hawana wakili!"

Tukaondoka, Miwani nyuma yetu anatumulikia, maana taa zetu za nyuma nazo nilikuja kujua kwamba hazikuwa zikiwaka. Tuliingia mjini watu bado wako vibarazani. Nasikia tulivyopita taratibu pale sokoni, walisoma kwenye gurudumu letu la nyuma bila shida, neno baada ya neno, likija juu na kushuka: PANCHA. SAA. ZOTE. PANCHA. SAA. ZOTE.

Binti yetu alikuwa ameshika jiko kama mlinzi wa benki. Tukawamwaga vifaranga kwenye joto, nikawahesabu mmoja mmoja kwa mkono wangu. Waliopona ni mia moja tisini na saba. Yule wa kifuani alikuwa wa mwisho kushushwa. Alikaa kidogo, akatikisa mabawa yake madogo, akaenda moja kwa moja kwenye maji akakanyaga chombo akakimwaga. Nikajua huyu atakuwa jogoo.

Siku hizi mume wangu na Miwani wanapigiana kelele kutoka banda mpaka banda, kutwa nzima, kuhusu tairi la nani limezibwa vibaya, na nasema ukweli, ule ugomvi wa kimya ulikuwa na afadhali kwa masikio yangu. Spea imerudi kwenye buti, nyeupe vilevile. Alitaka kuipaka nyeusi, nikakataa. Jeki bado iko na dereva wa lori.

Na kitoroli changu cha maji mpaka leo hakina upepo. Jana nimeuliza, nikaambiwa kesho. Basi kesho hiyohiyo nakipeleka kwa Miwani.